Mzee wa Tangi: Je, Ni Halali Kumtisha Mtoto kwa Uongo?

Maandiko: Mithali 26:18-19, Luka 24:36-43, 1 Yohana 4:18



Majuzi tukitoka ibada ya pili, mama mmoja alinisimamisha pale mlangoni akaniuliza, "Shemasi, hizi katuni za mizimu, tuwaache watoto watazame ama tuzime TV?" Nilimwambia nitamjibu kupitia jarida hili, kwa sababu jibu langu ni refu kidogo. Swali lake liliwahi kuingia nyumbani kwangu. Wakati huo nililijibu haraka haraka, na nilikosea vibaya. Naomba mnivumilie niwasimulie.

Katuni yenyewe

Karibu kila mtoto anaijua SpongeBob SquarePants. Ni katuni ya Marekani iliyoanza kuonyeshwa na kituo cha Nickelodeon mwaka 1999. Aliyeibuni, Stephen Hillenburg, alikuwa amefundisha habari za viumbe vya baharini kabla ya kuingia kazi ya katuni, ndiyo maana watu wake ni viumbe wa chini ya bahari. SpongeBob mwenyewe ni sponji, anapika kwenye hoteli iitwayo Krusty Krab. Squidward, anayekaa kwenye kaunta, ni pweza asiyependa kazi yake wala mwenzake. Mwenye hoteli ni Mr. Krabs, kaa anayependa pesa kuliko usingizi.

Kipindi kimoja cha mwaka 2002 kinaitwa "Graveyard Shift". Ni mzaha, kwa sababu Wamarekani huiita zamu ya usiku wa manane zamu ya makaburini. Mr. Krabs anaamua kwamba hoteli haitafungwa tena, itafanya kazi saa 24. SpongeBob anafurahia sana kukesha kazini. Squidward amekasirika. Halafu anagundua kwamba SpongeBob anaogopa kupeleka takataka nje gizani, na hapo anapata njia ya kujifurahisha.

Anamtungia hadithi. Anamwambia palikuwa na mpishi kama yeye, aliyejikata mkono kwa bahati mbaya akiwa kazini. Mahali pa mkono akaweka mwiko wa kugeuzia nyama. Baadaye akagongwa na basi, na siku ya mazishi yake wakamfuta kazi. Sasa eti mzimu wake hurudi kulipiza kisasi. Kwanza taa zitawaka na kuzima. Kisha simu italia na hakuna mtu atakayeongea. Mwisho atafika kwa mzimu wa lile basi lililomgonga. Ukisikiliza vizuri unaona kwamba Squidward anatunga palepale akiongea. Hata siku ya mzimu kuja anaichagua baada ya kukumbuka leo ni siku gani: Jumanne.

SpongeBob anapiga kelele kwa hofu. Squidward anacheka, anasema ni utani tu. Kisha taa zinaanza kuwaka na kuzima. Simu inalia, hakuna anayeongea. Basi linasimama nje, saa ambayo hakuna mabasi, na mtu anashuka. SpongeBob bado anafikiri ni mchezo wa Squidward, amevaa nguo za mzimu ili kumfurahisha. Lakini Squidward anamuuliza: nitakuwaje pale nje nami nimesimama hapa kando yako? Basi wote wawili wanakumbatiana wakilia. Squidward, aliyetunga kila neno la hadithi ile, anaogopa sawa na mwenzake. Anafikiri anakufa, kwa hivyo anakiri kwamba kwa kweli amekuwa akimpenda SpongeBob kidogo. SpongeBob naye anakiri kwamba alitumia zumari la Squidward kuzibua choo.

Mlango unafunguka. Ni kijana tu, amekuja kuomba kazi. Ndiye aliyepiga simu, akakata kwa kuona haya. Zinabaki zile taa. Wanageuka na kumwona Nosferatu, yule mnyonya damu wa filamu ya kimya ya Wajerumani ya mwaka 1922, amesimama kwenye swichi akitabasamu. Kipindi kinaisha kwa kicheko.

Nimekisimulia chote kwa sababu nataka muone kwamba ndani yake kuna swali gumu. Lakini wacha kwanza niseme yangu.

Yangu mwenyewe

Miaka ile tulikuwa tunaishi kwenye ploti, nami nilifanya kazi zamu ya usiku kiwandani. Nilikuwa nafika nyumbani asubuhi na kulala mchana. Kando ya dirisha langu palikuwa na tangi kubwa jeusi la maji ya ploti nzima, na watoto walipenda kuligonga na kulipanda. Ukiwa umetoka kazini saa moja asubuhi, kelele za tangi ni kama mtu anakupigia ngoma ndani ya kichwa.

Siku moja nilitoka nje na hasira zangu nikamshika kijana wangu wa pili. Alikuwa na miaka 6. Nikamwambia, "Ndani ya hilo tangi kuna mzee. Anachukua watoto wanaomsumbua. Mimi nimemwona." Alitazama tangi, akanitazama mimi. Tangu siku hiyo sikusikia kelele tena. Nililala vizuri sana. Tena nilijipongeza, nikasema kulea watoto si kazi ngumu vile watu wanadai.

Baada ya wiki chache kijana alianza kukojoa kitandani, na alikuwa ameacha zamani. Choo chetu kilikuwa nyuma ya ploti, na njia ya kufika huko ilipita kando ya tangi. Lakini mimi sikuunganisha hayo mambo mawili. Mama watoto aliwasikia wakitaja majina ya mizimu ya katuni wakicheza, na jirani mmoja mpendwa akatuambia kwamba katuni hizo ndizo zimefungua mlango. Tukazima TV. Tukaomba, tukapaka mafuta hata kile kiti cha TV. Mtoto akaendelea kukojoa.

Asubuhi moja nilifika nikakuta godoro limeanikwa nje kwa mara ya tatu wiki hiyo. Nilikuwa nimechoka. Nilimchapa. Alilia, lakini hakusema kitu.

Aliyetusaidia ni mwalimu wa shule ya Jumapili. Aliwaambia watoto wachore kitu ambacho wanataka Yesu awaondolee. Wengine wakachora nyoka, wengine mbwa. Kijana wangu alichora tangi, akalitia macho. Mwalimu alipomuuliza ni nini hii, alimjibu, "Ni mzee wa tangi. Baba anamjua."

Mwalimu alituita kando akatuonyesha ile karatasi. Nilitamani ardhi ipasuke. Nilikuwa nimeuingiza mzimu nyumbani kwangu kwa mdomo wangu, kisha kila jioni nikabeba chakula changu na kwenda kazini, nikawaacha nao. Nikamchapa mtoto kwa ajili ya hofu niliyompa mwenyewe. Na lawama yote nikamtwika sponji wa kwenye TV.

Kuonya na kutisha

Sasa tuje kwenye swali lenyewe. Je, mzazi akimtisha mtoto kwa kitu ambacho hakipo, ili mtoto awe salama au awe na adabu, amefanya vibaya?

Najua mtasema nini, maana nami nilisema. Tulilelewa hivyo. Nyanya zetu walituambia habari za mazimwi na tukakua sawa. Tena tangi ni hatari kweli, mtoto anaweza kutumbukia. Si heri aogope uongo kuliko afe kwa ukweli?

Tuanze na nyanya. Nyanya alipotaka kusimulia alisema "Paukwa!" na sisi tukaitika "Pakawa!" Kila mtoto pale kwenye moto alijua kwamba sasa tunaingia kwenye hadithi, na hadithi ikiisha tutatoka. Zimwi lilibaki mle ndani. Nyanya hakumdanganya mtu, hata tulipolala tumejifunika blanketi mpaka kichwani. Squidward hakusema paukwa. Mimi pia sikusema paukwa. Nilisema, "Nimemwona." Huo ni ushuhuda, si hadithi. Na ulikuwa ushuhuda wa uongo.

Tuje kwenye hatari. Ni kweli tangi linaua. Lakini basi si ningemwambia hivyo? Ningemwinua, nifungue kifuniko, nimwonyeshe maji vile yamefika juu na vile ukuta wa ndani ni laini, hakuna pa kushika. Ningemwambia, "Ukiingia hapa huwezi kutoka, na kelele yako hatutaisikia." Angeogopa. Hofu hiyo ingekuwa halali, kwa sababu ingekuwa na ukubwa wa hatari yenyewe, na ingeisha pale hatari inapoishia. Mtoto anayeogopa maji ya tangi anaweza kupita kando yake usiku akienda chooni bila shida, kwa sababu maji hayatoki kumfuata. Lakini mzee wa kubuni hana mipaka. Anaweza kutoka, anaweza kufika dirishani, anaweza kukujua jina. Ukweli unamlinda mtoto pale kwenye tangi. Uongo unamfuata mpaka kitandani.

Hapo ndipo naona tofauti ya kuonya na kutisha. Anayeonya anakuonyesha kitu kilichopo, na anakuonyesha pia njia ya kukiepuka. Anayetisha anakuonyesha kitu kisichokuwepo, na njia ya kuepuka ni moja tu: umtii yeye. Kwa hivyo jiulize kila mara, hofu hii inamfaidi nani? Squidward alifaidi kicheko. Mimi, tuseme ukweli, sikuwa nafikiria usalama wa mtoto siku ile. Nilitaka usingizi. Hayo ya usalama niliyafikiria baadaye, nikitafuta cha kujitetea.

Tena usifikiri neno "nilikuwa natania" linafuta kitu. Mithali 26 inamfananisha mtu anayemdanganya jirani yake kisha akajitetea kwamba ulikuwa mzaha, na mwendawazimu anayerusha moto na mishale ovyo. Mshale ukishatoka haurudi kwa sababu umesema ulikuwa unacheza. Squidward alisema ni utani, na dakika chache baadaye alikuwa anaogopa utani wake mwenyewe. Uongo una tabia hiyo, haumjui mwenyewe.

Labda ameenda kazini

Jioni ile ya Jumapili nilichukua tochi, nikambeba kijana mpaka kwenye tangi. Nikafungua kifuniko, nikamulika ndani pande zote. Nikamwambia, "Unaona? Hakuna mtu. Baba alidanganya. Hakuna mzee, na hajawahi kuwa."

Aliangalia maji kwa muda mrefu. Kisha akasema, "Labda ameenda job ya usiku, kama wewe."

Nilicheka, halafu kicheko kikanikauka. Kumbe kuondoa uongo si kama kuuweka. Kuuweka kulinichukua nusu dakika. Nilipotaka kuuondoa, mtoto alikuwa na sababu nzuri ya kutoniamini: wakati ule nilikuwa nadanganya ama ni sasa nadanganya?

Tukiwa tunarudi ndani, aliniuliza swali ambalo sijalisahau mpaka leo. "Na Yesu, baba? Yeye uko sure yuko, ama ulisema tu?"

Wapendwa, sikujua niseme nini. Mtoto hana mifuko miwili ya kuamini, mmoja wa mambo ya tangi na mwingine wa mambo ya Mungu. Ana mmoja. Mdomo uliosema "nimemwona mzee" ndio huo unaosema "Bwana ametenda." Nilikuwa nimechukua imani yake kwangu nikainunulia usingizi wa mchana. Na sasa nilikuwa nataka kuitumia tena kumpeleka kwa Mwokozi, nikakuta imepungua.

Nilimwambia hivi: "Ya mzee nilitunga mimi, hakuna aliyeniambia. Ya Yesu sikutunga. Mimi mwenyewe nikiogopa ninamwita. Lakini ukiniuliza tena sitakasirika, kwa sababu nilikukosea." Nikamwomba msamaha pia kwa kumchapa. Hakusema amenisamehe. Alinishika shati tu. Ilichukua miezi kabla hajaanza kwenda chooni peke yake, na miezi hiyo mama yake ndiye aliyeamka kumsindikiza, mimi nikiwa kazini. Deni nililokopa mimi alililipa yeye.

Bwana alivyofanya na watu walioogopa

Kuna mahali kwenye Injili ambapo watu wazima walifikiri wameona mzimu. Soma Luka 24:36-43. Yesu amefufuka, anasimama katikati ya wanafunzi, na wao wanashtuka, wanadhani wanaona roho.

Fikiria nafasi aliyokuwa nayo. Hawa ni watu waliomkimbia siku tatu zilizopita. Mmoja wao alimkana. Kama alitaka kuwatawala kwa hofu, ule ndio ulikuwa usiku wake. Angenyamaza tu, awatazame, na wangemtii maisha yao yote wakitetemeka. Lakini neno lake la kwanza lilikuwa amani. Kisha aliwauliza kwa nini wanafadhaika. Aliwaonyesha mikono na miguu, akawaambia waguse, kwamba roho haina nyama na mifupa kama walivyomwona yeye kuwa nayo. Hata hapo walikuwa hawajaamini vizuri, basi akaomba chakula, akala samaki wa kuokwa mbele yao.

Angalia kwamba hakuwaambia roho hazipo. Sisi pia tunaamini kwamba kuna ulimwengu wa roho, na kwamba jina la Yesu liko juu yake. Lakini Bwana hakuitumia hofu yao hata dakika moja. Aliitoa kwa kuwaletea ukweli karibu, wauone, waushike, wausikie ukitafuna samaki. Yohana, aliyekuwa miongoni mwao, ndiye anayetufundisha katika waraka wake wa kwanza kwamba upendo uliokamilika huitupa hofu nje.

Na hapa sisi tunaosimama madhabahuni tujipime pia. Mtu akimwambia dada fulani kwamba ameona jeneza kwenye familia yao, na kwamba asipoleta sadaka ya kulizuia wiki hii jambo litatokea, huyo ni Squidward mwenye maikrofoni. Uliza lile swali letu: hofu hii inamfaidi nani? Jehanamu tunaihubiri kwa sababu tunaiamini, na tukiihubiri tunaonyesha mlango wa kutoka, na mlango huo ni wa bure. Lakini jeneza la kubuni ni mzee wa tangi.

Kwa mama aliyeniuliza

Sasa, mama, katuni tuzime ama tusizime? Nakuambia, kaa nao. Mtoto wa miaka 3 au 4 mara nyingi bado huchanganya mchezo na kweli, yeye mzimie tu. Wale wakubwa tazama pamoja nao, na mwisho uwaulize: ni nani aliyetunga mzimu huyu? Alikuwa anataka nini? Aliyeingia mlangoni alikuwa nani? Utashangaa vile wanaona mambo.

Baada ya yale yaliyotupata niliwasha TV tena, nikatazama kipindi kile na watoto wangu. Wao walicheka. Mimi niliona aibu, kwa sababu katuni ile ilikuwa na heshima moja ambayo mimi sikuwa nayo. Kabla ya kwisha ilifungua mlango ikawaonyesha watoto kwamba aliye nje ni kijana anayetafuta kazi. Mimi langu nililifunga na kifuniko.

Ukizima TV, zima kwa sababu umeangalia kilichomo. Na ukiizima, sikiliza pia maneno yanayosemwa nyumbani TV ikiwa kimya. "Polisi atakushika." "Nitakuacha hapa na huyu chokora." "Mungu atakuchoma." Tunayasema kila siku, na tunashangaa mtoto anaogopa polisi akipotea sokoni, anamkimbia mtoto mwenzake wa mtaani, na anakua akimjua Mungu kama fimbo ya baba.

Kijana wangu sasa yuko sekondari. Juzi nilimsikia akimwambia mdogo wake asipande kwenye tangi la jirani. Nilisimama nyuma ya mlango nisikie atasemaje. Alimwambia, "Maji ni mengi na hakuna pa kushika. Kuja nikuonyeshe." Nilimshukuru Mungu kimyakimya.

Ya kujadili katika ushirika wa nyumbani

1. Ni maneno gani ya kutisha tuliyoambiwa utotoni ambayo bado yanatufuata?
2. Kuna mtoto, au mtu mzima, ambaye nahitaji kumwambia, "Ile niliitunga"?
3. Nikisema "Bwana amenionyesha", nina hakika gani?

Tuombe: Bwana Yesu, wewe uliyewaambia walioogopa wakuguse, tusafishe midomo. Tuondolee kutawala nyumba zetu kwa hofu. Watoto wetu wakituamini katika mambo madogo, wapate kukuamini wewe. Amina.